Mwisho wa Wiki wa Familia Katika Hifadhi ya Mikumi: Mwongozo kwa Wanaokwenda Mara ya Kwanza

Kila likizo ya shule inapokaribia, ndugu, majirani na wazazi wenzangu huniuliza maswali yale yale: je, gari dogo linafika, mtoto wa miaka 3 atavumilia, malipo yanafanywaje, na je, simba wataonekana? Nimekuwa nikienda Mikumi na familia yangu tangu kitinda mimba wetu akiwa bado anabebwa mgongoni, na nimeona ni vyema majibu hayo yote yakae mahali pamoja.

Mwongozo huu ni kwa familia inayotoka Dar es Salaam siku ya Jumamosi na kurejea Jumapili. Nimechagua Mikumi kwa sababu ipo umbali wa takriban kilomita 280 kutoka jijini, lami inafika hadi kwenye geti kuu, na barabara kuu ya kwenda Iringa inapita katikati ya hifadhi. Ilianzishwa mwaka 1964 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, lakini ninyi mtahitaji sehemu ndogo tu ya eneo hilo, yaani uwanda wa Mkata ulio upande wa kaskazini-magharibi wa barabara kuu.

Kabla ya kuingia kwenye hatua, shikeni jambo moja ambalo nitalirudia: wanyama wana saa zao. Wanaonekana vizuri alfajiri na jioni, na adhuhuri hujificha vivulini. Familia nyingi zinazorudi zimekasirika ni zile zilizoingia saa 5 asubuhi, zikazunguka juani mpaka saa 9 alasiri, watoto wakalia, kisha zikatoka muda uleule wanyama walipoanza kutoka vichakani.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Vitambulisho vya NIDA vya watu wazima wote, na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kiwango cha raia hutolewa kwa anayethibitisha uraia, na umri wa mtoto ndio unaoamua alipe kiasi gani.
- Simu yenye salio la kutosha kwenye akaunti ya pesa za mtandao, au kadi ya benki. Fedha taslimu haipokelewi getini.
- Maji ya kunywa, angalau lita 3 kwa kila mtu kwa siku, yakiwemo ya akiba.
- Chakula kisichochafua wala kuharibika haraka: mayai ya kuchemsha, chapati, viazi vitamu, ndizi, karanga. Pilau la jana lililofunikwa likiwa moto huchacha njiani, liacheni nyumbani.
- Darubini, hata moja ya bei nafuu, na ikiwezekana mbili, kwa maana watoto wawili hawagawani darubini moja kwa amani.
- Nguo za mikono mirefu na suruali ndefu za rangi ya kaki, kahawia au kijani kilichofifia. Epukeni bluu iliyokolea na nyeusi, kwa sababu rangi hizo huwavuta mbung'o. Sweta ni lazima, kwani asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi kali ukiwa ndani ya gari lililo wazi.
- Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu, chandarua kama malazi yenu hayana, na dawa za kawaida za mtoto.
- Tairi la spea lenye upepo, jeki, spana ya magurudumu na kamba ya kuvutia gari.
- Kopo lenye mfuniko unaofunga vizuri kwa ajili ya haja ndogo ya watoto. Msilidharau hili. Katikati ya uwanda hairuhusiwi kushuka garini, na mtoto hana breki.
- Mifuko ya kitambaa au vikapu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019.

Hatua kwa hatua

1. Chagueni tarehe kwa kuangalia mvua. Miezi mizuri ni kuanzia Juni hadi Oktoba, wakati nyasi zimekauka na wanyama wanakusanyika kwenye mabwawa yaliyobaki na maji. Likizo ya Juni inaangukia hapo hapo. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo mweusi wa Mkata hugeuka utelezi unaoshika gurudumu kama gundi, baadhi ya njia hufungwa, na nyasi hurefuka kiasi cha kumficha simba aliyelala hatua 10 kutoka njiani.

2. Amueni mtalala ndani au nje ya hifadhi. Huu ndio uamuzi mkubwa kuliko wote, maana ndio unaopanga saa zenu. Kibali cha kuingia hudumu saa 24 na ni cha kuingia mara moja. Mkilala ndani, mtaingia Jumamosi alasiri, mtazunguka jioni, mtazunguka tena alfajiri, na bado mtatoka kabla saa 24 hazijaisha. Kwa kibali kimoja mtakuwa mmepata vipindi vyote viwili ambavyo wanyama wanatembea. Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) lina malazi yake ndani ya hifadhi, yakiwemo mabanda na maeneo ya kupiga kambi, ambayo ni nafuu kuliko hoteli za kitalii, lakini hujaa mapema wakati wa likizo, kwa hiyo wekeni nafasi wiki kadhaa kabla. Ada ya kulala hulipwa pembeni ya kiingilio.

Wanaolala nje, katika nyumba za wageni za mji mdogo wa Mikumi, hutumia fedha kidogo kwa malazi, lakini wanapata mzunguko mmoja tu. Kwao ninashauri kuacha kabisa kuingia Jumamosi. Laleni mjini, amkeni saa 10 alfajiri, muwe getini linapofunguliwa, na mkae ndani mpaka saa 6 mchana.

3. Kagueni gari, hata kama ni la kukodi. Wakati wa kiangazi gari dogo linaweza kupita kwenye njia kuu za Mkata, na nimeziona familia nyingi zikizunguka na Noah bila tatizo. Upungufu wake ni kwamba mtoto aliyeketi chini haoni kitu zaidi ya nyasi. Kwa familia ya watu 5 au 6, njia ninayoipenda ni kufika na gari lenu, kisha kukodi gari la wazi la kutalii pamoja na dereva wake kwa mzunguko wa alfajiri pekee. Dereva wa pale anajua ni mti gani simba walilala chini yake jana, na ninyi wazazi mnapata nafasi ya kutazama badala ya kushika usukani.

Kama mnakodi gari kutoka Dar es Salaam, teremsheni tairi la spea na kulipima kwenye nati kabla ya kuondoka. Mwaka mmoja nilikodi gari ambalo spea yake ilikuwa ya ukubwa mwingine kabisa, na nililigundua hilo nikiwa nimepiga magoti kando ya njia, jua likizama, huku mume wangu akiangalia vichaka badala ya kunishikia tochi. Tangu siku hiyo spea ndiyo kitu cha kwanza ninachokigusa.

4. Fanyeni malipo mapema. Tazameni viwango vya sasa kwenye tovuti ya TANAPA, kwa sababu hubadilika. Mtoto aliye chini ya miaka 5 halipi, wa miaka 5 hadi 15 hulipa kiwango cha watoto, na kuanzia miaka 16 analipa kama mtu mzima. Gari nalo lina ada yake. Mtapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo wengi huiita kontroo namba, na mtailipia kwa simu au benki. Hifadhini ujumbe wa malipo kwenye simu mbili tofauti, kwani simu moja ikizimika getini foleni yote ya nyuma itawasubiri ninyi.

5. Ondokeni Dar es Salaam saa 12 asubuhi, na pumzikeni Morogoro. Foleni ya Kimara hadi Kibaha siku ya Jumamosi huongezeka kila dakika inayopita baada ya saa 1. Mtafika Morogoro kati ya saa 4 na saa 5. Kuleni hapo chakula cha mchana cha mapema, watoto wakimbie kidogo, jazeni mafuta, kisha mwendelee saa 6. Kutoka Morogoro hadi getini ni kama kilomita 100, na njiani mtapita Doma, ambako nyanya na vitunguu vimepangwa barabarani kwa sado na ndoo. Visivyooza haraka nunueni wakati wa kurudi.

Mnaotaka kupunguza uchovu mnaweza kupanda treni ya SGR kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, safari ambayo haifiki saa 2 kwa treni ya haraka, kisha mkachukua gari la kukodi Morogoro. Watoto wangu wanaikumbuka treni kuliko nilivyotarajia, kwa hiyo siihesabu kuwa njia ya kupoteza muda.

6. Punguzeni mwendo mara mnapoingia kipande cha hifadhi. Barabara kuu inapita ndani ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, na malori hayapungui. Kuna ubao mkubwa unaoorodhesha faini za kugonga kila aina ya mnyama. Wekeni mtoto mmoja kila upande wa dirisha awe mlinzi, maana twiga na swalapala huonekana hata kabla ya kufika getini, na hapo huwa bure. Msisimamishe gari kiholela kwenye lami ili kupiga picha, kwa kuwa hatari ya pale ni basi linalokuja nyuma yenu.

7. Ingieni getini kama saa 8 mchana. Onyesheni malipo na vitambulisho, tumieni choo wote, hata anayesema hana haja, na ulizeni maswali matatu kwa askari wa uhifadhi: njia zipi zimefungwa, tembo wako upande gani, na simba walionekana wapi asubuhi. Kabla ya kuondoka hapo, pigeni picha ramani iliyobandikwa ukutani, kwa sababu mtandao wa simu hukatika mkishaingia ndani.

8. Mzunguko wa jioni: nendeni kwenye bwawa la viboko mkae. Weka mizigo kwenye malazi, na kuanzia saa 9 na nusu elekeeni bwawa la viboko, ambalo liko kilomita chache tu kutoka getini. Zima injini. Hapa ndipo ninapowasihi wazazi wasiharakishe. Kiboko anaweza kukaa chini ya maji kama dakika 5, na mtoto anayeambiwa ahesabu hupata kazi inayomshika kuliko katuni. Binti yangu alipokuwa na miaka 6 alihesabu kwa sauti mpaka 217, akanigeukia kuniambia kiboko amekufa, na wakati huohuo tundu mbili za pua zikatokeza karibu na ukingo, zikapuliza hewa kwa kishindo, masikio mawili madogo yakazunguka haraka na kurusha matone. Hakulia, hakucheka. Aliendelea kutazama, mdomo wazi, kwa nusu saa nzima.

Kutoka hapo zungukeni taratibu kwenye uwanda wazi mkielekea malazi. Ndani ya hifadhi mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, na kwa kuona wanyama kilomita 20 zinatosha. Mtaona pundamilia na nyumbu wakiwa pamoja, ngiri waliopiga magoti wakila, nyati, na mara nyingi tembo. Muwe kwenye malazi kabla giza halijaingia, kwani kuendesha gari ndani ya hifadhi usiku hakuruhusiwi.

9. Usiku: kuleni mapema, fungeni kila kitu. Viboko na tembo hutembea usiku, na tembo hupita hata katikati ya mabanda. Mtoto asitoke nje peke yake hata kwenda choo cha hatua 10. Mtu mzima amsindikize akiwa na tochi, na kama kuna askari wa zamu, mwiteni. Chakula kisibaki nje wala ndani ya hema.

10. Alfajiri: muwe njiani saa 12 kamili. Vaeni sweta, chukueni chai kwenye chupa, chapati mtakula garini. Nendeni moja kwa moja kwenye uwanda wa Mkata. Kipindi cha saa 12 hadi saa 3 ndicho chenye thamani kubwa kuliko mwisho wa wiki wote, na ndiyo sababu yote ya hatua ya 2. Simamisheni gari kwenye mahali penye maji na mkae dakika 20 bila kusema. Simba hulala sehemu kubwa ya siku, na asubuhi hii ndiyo nafasi yenu ya kuwaona wakiwa kwenye miguu yao.

11. Tokeni kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Watoto watakuwa wamechoka na jua limeshakuwa kali. Mtapata muda wa kuoga, kula, na kufika nyumbani kabla ya usiku.

Makosa yanayojirudia

Kushuka garini ili kupiga picha ndilo kosa la hatari kuliko yote. Nyasi fupi zinadanganya. Shukeni tu mahali paliporuhusiwa kwa alama au na askari.

Kuwapa nyani chakula ni kosa linaloonekana dogo, na madhara yake wanayabeba wengine. Nyani aliyezoea kupewa ndizi huvamia gari linalofuata, na akishaanza kuwakwaruza watu, mwisho wake huwa kupigwa risasi. Niliwahi kuona dume likiingiza mkono kwenye dirisha lililoachwa wazi kwa upana wa shubiri, likachukua andazi mkononi mwa mtoto bila kugusa kitu kingine. Mtoto hakuumia, ila alikataa kufungua dirisha kwa siku nzima.

Kutoka nje ya njia kufuata mnyama hairuhusiwi, na gari huacha alama inayodumu msimu mzima. Kupiga honi, kufungua redio kwa sauti, kurusha droni bila kibali na kuja na mbwa ni makosa mengine ya wazi.

La mwisho ni kuwaahidi watoto simba. Waahidini twiga, pundamilia na viboko, ambao ni nadra sana kuwakosa.

Mkipatwa na haya

*Tembo amesimama njiani.* Simameni mbali, msizime injini, na acheni nafasi apite. Kukiwa na mtoto wa tembo, mama yake ndiye wa kumtazama. Akitanua masikio, akatikisa kichwa na kuwakabili, rudini nyuma polepole na kwa mstari ulionyooka. Msipige honi wala kujaribu kupita pembeni yake. Dume mwenye majimaji yanayotiririka kati ya jicho na sikio aachiwe nafasi kubwa zaidi.

*Gari limekwama kwenye tope.* Acheni kukanyaga mafuta, maana tairi linazidi kujichimbia. Kaeni ndani, mpigieni simu askari wa getini, na kama mtandao hakuna, subirini gari linalofuata liwavute kwa kamba. Kwa sababu hiyo, chukueni namba ya simu ya geti wakati wa kuingia.

*Pancha.* Sogezeni gari polepole mpaka mahali palipo wazi pande zote, hata kama tairi litaharibika. Mtu mmoja abadilishe, mwingine asimame akiangalia mazingira, watoto wabaki ndani.

*Mbung'o wameingia garini.* Fungeni vioo, wapigeni kwa kanga au kofia, na endeleeni kutembea mpaka mtoke kwenye miti. Dawa ya mbu haiwazuii sana, nguo nzito ndizo zinazosaidia.

*Mtoto ameugua.* Msisubiri asubuhi. Waambieni askari au wahudumu wa malazi wawasaidie kutoka. Katika mji wa Mikumi ipo hospitali ya Mtakatifu Kizito. Na mtoto akipata homa ndani ya wiki chache baada ya kurudi, mpelekeni akapimwe malaria, na mumweleze daktari kuwa mlikuwa hifadhini.

*Saa 3 asubuhi imefika na hakuna simba.* Acheni kuwatafuta simba, tafuteni swalapala. Kundi zima likiwa limesimama, vichwa juu, wote wamekodolea macho upande mmoja bila kula, elekezeni darubini huko wanakotazama wao. Simamisheni kila gari linalokuja mbele yenu, salimianeni, na mwulizeni dereva ameona nini na wapi. Angalieni vivuli vya miti mmoja mmoja, na juu ya matawi pia, kwani simba wa Mikumi wakati mwingine hupanda. Asubuhi moja tulipita mti uleule mara tatu kabla ya mwanangu wa kiume kuuliza kwa nini tawi lile lina mkia.